Asilimia Moja

Chumba kilikuwa Ruwi, juu ya duka la viyoyozi,
na sisi, juu ya viyoyozi vyote vile, hatukuwa na hata kimoja.
Mhenna alichoma solda kifua wazi,
jasho likidondokea waya, tss.
Shekhan, binamu yake, alikaa mlangoni na kanzu iliyopigwa pasi
akihesabu kilichobaki cha mitende ya mama yake.
Mimi nilishika daftari.
Mwaka wa themanini na tatu. Mshahara riali arubaini, zikipatikana.
Zisipopatikana, karatasi:
*Zuwena binti Ghasani, asilimia moja.*
Niliitia ndani ya sanduku la cherehani.

Kompyuta tuliiita Falaji,
kwa ile mifereji inayoteremsha maji toka mlimani
na kumpa kila mwenye mtende saa yake.
Jina alilitoa Mhenna. Shekhan alilisajili.
Baadaye waligombea hata hilo.

Ya kwanza ilivikwa mbao za kreti la chai.
Herufi alizichora mke wa Mhenna kwa rangi ya kucha, moja moja,
na ayn ikakwama tangu siku ile:
ukiibonyeza inakaa chini kama mtoto aliyenuna.
Tuliuza kumi na moja. Saba zikarudi.

Joto. Mhenna hakutaka feni.
"Mashine ifikiri kimya," alisema,
na mashine ikafikiri kimya mpaka adhuhuri,
kisha ikazimika, kimya vilevile.
"Tia feni."
"Sitii."
"Tia feni, Mhenna, watu wanadai pesa zao."
Waligombana kwa Kiunguja, lugha ya mama zao,
yenye matusi ya kutosha;
wakiombana radhi, kwa Kiarabu.
Mwaka ule nilisahau Kiarabu chao kinasikikaje.

Watu husema mafahali wawili hawakai zizi moja.
Zizi gani? Futi kumi na mbili kwa kumi,
na fahali wa tatu katikati: benki.

Benki ikamleta Bwana Fikri toka Manama,
aliyewahi kuuza matairi, na akayauza vizuri.
Mashine hakuigusa hata kwa kidole.
Aliuliza tu: nani mwenye kuamua hapa?
"Anayejua," akasema Mhenna.
"Anayelipa," akasema Shekhan.
Fikri akayaandika yote mawili,
akapiga mstari chini ya moja.

Kikao kiliitwa Jumatano, baada ya alasiri.
Ajenda: mhandisi apumzike.
Arubaini na tisa na nusu huku,
arubaini na tisa na nusu kule.
Wote wakanigeukia,
nami nimebeba trei ya kahawa.

Nilijua deni, mimi niliyeliandika.
Nilijua zile saba za kona, zimefunikwa shuka kama maiti.
Nilijua pia usiku aliponionyesha jina langu
likitoka kulia kwenda kushoto, kijani ndani ya kiza,
na mbele yake kidoa cha mwanga kikipepesa,
kinangoja niseme kitu.
Niliweka trei chini. Nikanyoosha mkono
upande wa feni.
Sikumwangalia. Niliangalia vikombe.

Mhenna akavaa shati.
Akachukua bisibisi moja, zilizobaki akaziacha,
akashuka ngazi.

Feni zikatiwa. Falaji ya pili tuliuza mia nne,
wizarani, mashuleni, hata Buraimi,
zikivuma kama nyuki.
Halafu zikaja za Taiwani kwa nusu bei
na kampuni ikafa, na feni zake.
Fikri alirudi kwenye matairi.
Shekhan ndiye mwenye lile duka la viyoyozi sasa.
Mimi nilipewa ile ya mbao, hakuna aliyeitaka.

Mhenna nimemwona mara moja tu,
Wadi Kabiri, soko la Ijumaa,
amechutama mbele ya redio kuukuu.
Nilikuwa na maneno; nilikuwa nayo miaka.
"Ayn bado inakwama?" akaniwahi.
"Bado."
"Usiitengeneze."
Akamgeukia mwenye redio,
akaomba apunguziwe nusu riali.