Jaribio la Tatu

Nina kibanda Mwaloni, Kirumba:
meza, mwavuli, daftari la mistari,
na kibao cha lipa namba nilichokiandika mwenyewe
kwa rangi ya mtumbwi iliyombakia fundi.

Zamani hela zilifika hapa zimelowa.
Tembo mwekundu, faru, simba wa elfu mbili,
mbuga nzima imefungwa fundo moja la kanga,
inanuka dagaa.
Nilikuwa nawaanika mezani, nawawekea vijiwe juu
upepo wa ziwa usije ukawaswaga.

Bi Nyamizi wa Igombe ndiye aliyekuwa na fundo gumu kuliko yote.
Alilifungua kwa meno.
Mumewe alizikwa hajui mle ndani mna kiasi gani.

Siku namsajili nilimwambia:
chagua tarakimu nne, mama, usinitajie.
Akacheka hadi akashika meza.
"Fundo langu hata aliyenioa hakuliweza,
leo wewe unanipa kitasa cha namba nne?"
Kisha akanipa mgongo,
akaifunika simu kwa upindo wa kanga
kama mtu anayenyonyesha.

Akazoea. Akawa mkali kutushinda sisi.
"Weka na ya kutolea!" anamfokea mnunuzi wa Kahama,
"sikuuzii dagaa halafu nikulipie na makato."
Akija mtu na noti, anaipekua mashavu
kama samaki wa juzi.
Duka la jirani lilipoacha kurudisha chenji ya pipi
mjukuu wake Kabula alinuna wiki nzima.
Na ule ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii
ulipomfikia, alikuja nao mbio, kandambili mkononi:
"Huyu ni mwanangu yupi?"
Si mwanao, mama. Ni mwizi.
Akaitazama simu muda mrefu.
"Mwizi asiye na miguu," akasema,
"nimpigie yowe nimeelekea wapi?"

Masika haya amekwenda.
Presha, usiku, mvua ikipiga bati.

Wanawe wawili wamekaa kwenye benchi langu,
Masalu na Kwilasa, simu katikati yao
juu ya kitambaa, kama kitoto chenye homa.
Wamejaribu mwaka aliozaliwa,
ule wa kwenye kadi ya kura, wa kukisia;
yeye alisema tu, mwaka wa nzige.
Wamejaribu mwaka aliokufa baba yao.
Limebaki jaribio moja.
Kanga zake wamezifungua zote, pembe kwa pembe:
sarafu ya mia mbili, simba wamefutika nyuso,
na pipi ya mnanaa iliyogandana na karatasi yake.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamtolea," anasema Masalu.
"Hujawahi kuona?"

Niliona.
Si zote. Mbili za mwanzo,
siku upepo ulipoinua kanga:
kidole gumba kilishuka chini kabisa, kikapanda katikati.
Nikageukia ziwa upesi
kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu la jirani.

Nimewaeleza habari za cheti cha kifo,
barua ya mtendaji wa kata,
muhtasari wa kikao cha ukoo, mahakama ya mwanzo.
Kwilasa anaandika kwenye kiganja.
Jasho linamfutia neno kabla hajafika la pili.
Masalu haandiki. Ananitazama mimi.
Nafungua daftari, nafunga.

Simu inatetemeka.
Tunainama wote watatu.

Umepokea shilingi elfu tatu na mia saba
kutoka kwa jina la mtu wa Ukara tusiyemjua.
Halafu ujumbe wa pili, wa kuandika kwa mkono wake:

Mama samahani, deni la ndoo ile ya Desemba.
Nimeweka na ya kutolea.