Nyayo Mbili, Birkat al-Mauz

Miaka kumi na tisa nimeuza manukato
uwanja wa ndege wa Maskati, kaunta ya pili kushoto,
nikiwa juu ya visigino vya inchi tatu,
kwa kuwa msimamizi alisema udi hauuzwi na mwanamke mfupi.
Viatu vyeusi, vimechongoka mbele kama mdomo wa kunguru.
Mguu wangu haukuchongoka.
Tazama wa mtoto mchanga: mbele ndiko kupana,
ni kiganja kilichosahau kushika.

Kikaanza kinundu penye kidole gumba,
chekundu, kama kokwa ya tende imeingia chini ya ngozi.
Nikakibandika plasta. Nikanunua namba kubwa zaidi,
kisigino kikapwaya, vidole vikabanwa vile vile.
Kisha goti la kulia. Nikalaumu ngazi.
Kisha nyonga. Nikalaumu uzazi.
Kisha shingo; nikalaumu mto,
nikabadili mito mitatu.

Lijo, tabibu wa viungo pale Ruwi,
Mmalabari mwenye mikono ya baridi,
shingo hakuigusa.
Akasema kwa Kiarabu chake cha sokoni:
"Vua. Nenda mpaka mlangoni. Rudi."
Akaokota kiatu changu, akakiweka mezani,
akakipindua, akaisoma soli
kama mtu asomaye barua isiyokuwa yake.
"Kisigino kikipanda, mwili unataka kuangukia mbele.
Hauanguki. Kiuno kinauvuta nyuma,
goti linakataa kunyooka, shingo inalipa deni la wote.
Kila hatua ni ugomvi, mama.
Kwa siku unapiga hatua ngapi?"
Sikuhesabu. Nililia kidogo,
wala si kwa maumivu:
nilikumbuka pesa za mito.

Ijumaa nikapanda kwa mama, Birkat al-Mauz.
Bi Muzna, mzaliwa wa Chake,
aliyeingia nchi hii na mtalawanda mmoja mkobani
(wa pili hatuulizi ulibaki wapi).
Nikamkuta ukingoni mwa falaji, chini ya migomba,
ananawa miguu. Nikavua, nikatia yangu.
Tukatoka, tukapita juu ya saruji ya moto,
na nyuma yetu zikabaki nyayo mbili za maji.

Wake: vidole vitano, kila kimoja na nafasi yake,
kama ndugu walioketi mkekani wakingoja chai.
Wangu: kabari.
Gumba limemwegemea jirani kama linamnong'oneza,
kidole cha mwisho hakionekani kabisa.
Jua likazinywa zote.
Wangu ukakauka mwanzo,
kwa kuwa ulikuwa umeigusa ardhi kidogo.

Mama aliinama, akatazama pale palipokwisha kauka.
"Nani aliyekukunja?" akauliza.
"Mimi sikukuzaa hivi."

Sisemi sote twende peku.
Mwezi wa saba lami ya hapa inakaanga yai,
na visigino vya mama vina nyufa
zinazonasa nyuzi za shuka.
Nasema tu kiatu kiufuate mguu,
si mguu ukifuate kiatu.
Kikulacho, walisema, ki nguoni mwako;
hawakutuambia tuanze kutafuta chini.

Sasa nauza udi nikiwa mfupi.
Viatu vipana, bapa, vibaya kama mikate miwili ya mofa.
Msimamizi alinuna wiki nzima, kisha akazoea.
Kinundu kipo. Lijo hakuniahidi kitakwenda.
Shingo imenyamaza, isipokuwa nikisafiri.

Usiku, juu ya zulia, nimezima taa ya ukumbi,
nakifundisha kidole gumba kuinuka peke yake.
Miaka kumi na tisa hakijapata ruhusa.
Wale wanne wengine wanang'ang'ania kwenda nacho,
wanatetemeka, wanashuka, wanapanda tena.
Tulieni, nawaambia.
Zamu yenu inakuja.