Chungwa Lenye Matundu

Paka wetu Hilda ana kisukari.
Saa moja asubuhi sindano, saa moja jioni sindano,
yuniti mbili, chini ya ngozi ya shingo,
na ukichelewa anakutazama kama karani wa benki.

Hiyo ndiyo hesabu niliyozunguka nayo vyuoni
mwezi wa tatu, theluji ya Nebraska
bado imeng'ang'ania mabua ya mahindi.
Wenzangu waliuliza maktaba ina ghorofa ngapi,
waliohitimu huajiriwa wapi.
Mimi nilinyoosha mkono:
mwanafunzi wa mwaka wa kwanza
anaruhusiwa kupanga chumba mtaani
na kuishi na paka?

Chuo cha kwanza kilicheka.
Cha pili kilinipa kijitabu cha kurasa arobaini na moja.
Ukurasa wa thelathini: samaki,
katika tangi lisilozidi lita arobaini.
Samaki! Wa kumdunga wapi?

Cha tatu ni kile chenye jina,
ambacho mwalimu wa kemia hukitaja akishusha sauti.
Kilinipunguzia nusu ya ada, kikanipa kitanda,
kitanda cha lazima, miaka miwili bwenini,
na barua iliyosema, kwa upole mwingi,
kwamba mnyama ni mnyama.

Cha nne kiko magharibi, ubavuni mwa kiwanda cha sukari.
Mji mzima unanuka viazisukari vilivyochemka.
Nilicheka peke yangu garini:
mgonjwa wa kisukari, namleta huku.
Karani, kijana mwenye kipini puani,
hakuinua hata macho.
"Ishi utakako. Ada ilipwe kwa wakati."

Bi. Kucera ana chumba cha juu, ngazi kumi na tisa.
"Amana ya paka dola mia tatu.
Yako wewe, hakuna."
Nikauliza kwa nini.
"Wewe utakwaruza ukuta," akasema, "na utaona haya."

Sijasema kuhusu baba.

Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka juzi:
kijiko kwanza, kisha ufunguo, kisha sahihi.
Nyumbani kwetu jambo likizidi uzito
tunazungumzia mvua.
Siku barua zilipofika alisema,
"Nenda kwenye chuo chenye jina. Hilda nitamdunga mimi."
Nikamwambia, ni yuniti mbili, baba. Si nne.
Akageukia dirisha.
Mvua ya mwaka huu, akasema, haieleweki.

Jumamosi, nikitafuta maziwa kwenye friji,
nililikuta nyuma ya mtungi wa achari:
chungwa.
Matundu madogo, mengi, hayafuati mstari,
mengine yamechanika pembeni
pale mkono ulipokataa kutumwa.
Nilihesabu hadi sitini nikaacha.
Lilikuwa zito kuliko chungwa,
limejaa maji ya bomba.

Nililiweka mezani.
Aliingia, akaliona,
akavua kofia, akaivaa tena.
"Upande huu ni wa wiki iliyopita," akasema.
Akaligeuza polepole, likagongagonga meza.
"Huu ni wa jana. Jana ni afadhali."
Nikatazama.
Ilikuwa afadhali, kidogo.

Nikalimenya. Likavuja kila upande,
juu ya bili ya umeme, juu ya barua ya chuo chenye jina.
Tukala nusu kwa nusu.
Halikuwa na ladha yoyote,
na hakuna aliyelisema hilo.
Hilda akaja akaketi kati yetu.
Saa moja kasoro dakika nne.

Fomu ya mji wa sukari niliijaza usiku uleule.
Penye "wategemezi" niliandika sifuri.
Penye "wanyama," mmoja.
Asubuhi nikampigia Bi. Kucera, nina swali dogo tu:
lile sofa la chumba cha juu lina urefu gani?
Likikunjuliwa, linafika futi sita?

Kimya.
Nilisikia kijiko kikizunguka kikombeni mwake.

"Binti," akasema, "huyo paka
ni mkubwa kiasi gani?"