Waipa za Niva

Batumi, siku ya tisa ya mvua.
Shangazi Tsiala kavaa sweta ya marehemu Nodari,
mota kaitandaza juu ya gazeti la juzi:
kifuniko, springi mbili, gia ya nailoni,
grisi iliyogeuka nta ya masikio.

Brashi moja imelika, imebaki ukucha.
Ya pili nzima.
"Ndivyo tulivyoishi," anasema,
"mmoja akisagika, mwenzake aking'aa."
Sijui kama anacheka. Mimi nimeshika taa tu.

Anapiga shaba msasa,
anazishindilia springi kwa sindano ya kufumia.
Moja inaruka, inatokomea nyuma ya magunia ya machenza.
Tunaisaka kwa magoti, nusu saa nzima,
nami najifunza matusi matatu
ambayo mama asingependa niyajue.

Tunaifunga. Tunawasha.
Waipa zinapiga, zinapiga, nikizima
zinagandia wima,
kama mtu aliyeambiwa mikono juu mpakani.

"Gia nimeipachika kinyume, nusu duara."
Hakuna kulalama. Anafungua tena,
nati ile ile, vidole vile vile vyeusi.

Mara hii zinalala chini ya kioo, kimya,
zimepajua kwao.

Haingii ndani kukauka. Anakaa kwenye usukani,
injini imezimwa, waipa zinakwenda,
na barabara ya Kobuleti inafutwa, inalowa,
inafutwa.
"Shangazi, betri itaisha."
"Acha iishe," anasema.
"Hiyo najua kuichaji."