Kijiswaki

Nina miaka arobaini na mitatu, na waya mdomoni.
Pale Mwaloni wananunua dagaa, jicho liko kwangu:
"Mama Shija, hayo meno au seng'enge?"
Nacheka. Zamani nisingecheka,
ningeziba kwa kiganja.

Zamu yangu ya upatu ilipofika, Mbuke alinishauri friza.
Mimi nikapanda ngazi za kliniki, Mtaa wa Rufiji.

Mwezi wa pili nikatema wekundu kwenye beseni.
Nikauogopa mswaki. Siku nne sikuugusa ufizi,
kidonda si hupona kikiachwa?
Ufizi ukaumuka, ukaupanda ukingo wa chuma
kama unga uliozidishwa hamira.

Daktari Nyanzala hakunigombeza.
Aliingiza kioo chake, akakaa kimya kidogo,
kisha: "Unalia kwa ukoga, mama, si kwa mswaki.
Piga polepole, pale jino linapochomoza.
Utatoka damu siku chache. Usikimbie."

Njiani nikasimama kuyatazama magugumaji.
Hayo hayaji na ngurumo.
Huja jani, likaita jani,
na asubuhi moja mtumbwi hauna pa kupita.

Baba alikuwa fundi wa nyavu kule Igombe.
Sindano yake ya mti: chini ya uzi, juu, chini tena,
jicho kwa jicho, mdomo umekunjwa.
Nikimharakisha alisema,
samaki anajua ulikoruka.

Basi kila usiku, umeme ukiwapo usipokuwapo,
naegemeza tochi ya simu kwenye kopo
na kijiswaki chembamba kama mkia wa panya
nakipitisha chini ya waya, juu, chini tena.
Jana nilitoa jicho la dagaa, zima,
likanitazama kutoka kwenye sinki.
Tukatazamana.

Leo nimetema. Nimemulika.
Povu jeupe, na uzi mmoja mwekundu
mwembamba, wa kutafuta.
Sijui kama ni kupona. Ni kupungua.

Shija anagonga mlango:
"Mama, unavua nini humo usiku wote huu?"

Subiri, mwanangu.
Limebaki gego la nyuma,
lile ambalo hakuna mteja anayeliona.