Risiti Ninayo

Risiti ninayo.
Imo humu simuni, chini ya ujumbe wa LUKU
na salamu za Idi za mwaka juzi:
*Umenunua. Shilingi 18,500. Asante.*

Vitufe vilikuwa viwili, kodi na nunua.
Kukodi ni elfu nne, saa arobaini na nane,
nami mpangaji wa Tabata, mwaka wa kumi na moja,
nilipaye miezi sita kwa mkupuo
na kuomba ruhusa ya kupigilia msumari,
nikasema hapana,
hiki angalau kiwe changu.
Nikabonyeza nunua
kama anayetia dole gumba kwenye hati.

Ilikuwa filamu ya marehemu kaka, Mwinshehe.
Si kwamba aliitengeneza; aliipenda tu.
Kuna mama ndani yake anayeanika mashuka mvuani,
kwa ukaidi, akijua hayatakauka.
Kaka akifika hapo hukohoa,
huinuka, huenda kuangalia geti.
Sote tulijua geti halina tatizo.

Shaabani hii imetimia miaka mitatu.
Wanawe wamekuja. Nimenunua bando la wiki,
nimetandika mkeka sebuleni, nimetafuta.
Mahali pake pana kijivu na maneno:
*Maudhui haya hayapatikani tena katika eneo lako.*
Eneo langu!
Tabata Kimanga, nyuma ya mashine ya kusaga.
Imehama lini, mbona sikuona kirikuu cha mizigo?

Nikawaandikia. Wakajibu usiku wa manane,
kwa Kiswahili kilichopigwa pasi hadi kikaungua:
*Ndugu mteja wa thamani, ulichonunua
ni ruhusa ya kutazama.
Mwenye mali ameiondoa.*

Nilisoma mara tatu.
Buguruni nikinunua sufuria
muuzaji haji jikoni kwangu usiku
kuichukua, akaniachia wali juu ya meza.

Na sidai milele, jamani. Milele haina dalali.
Hata kiwanja changu cha Chanika, chenye mawe manne
na mhogo wa jirani aliyejikaribisha,
hati yake inasema miaka tisini na tisa,
ardhi ni ya umma, wewe ni mwenye kukalia tu.
Sawa. Lakini hati imetaja miaka.
Imenitazama usoni, ikasema: mpaka hapa.
Kile kitufe kiliniangalia pembeni.

"Shangazi," akasema Kibwana, mwenye miaka kumi na mitatu,
"si ipo ile diski ya baba?"

Ipo. Ndani ya boksi la viatu, juu ya kabati,
jina limeandikwa kwa kalamu nene, limekosewa.
Kariakoo, elfu mbili, filamu sita kwa sahani moja.
Tukaisugua kwa dawa ya meno,
tukaifuta kwa pindo la kanga,
tukaazima deki kwa Bi Siwatu, ambayo mlango wake
hufunguka kwa kupigwa kofi.

Ikacheza.
Nilicholipia kwa haki kimekwenda,
kilichoibwa kimekaa kinanisubiri kabatini.
Sijui nifanye nini na jambo hilo.
Wahenga walisema usiache mbachao
kwa msala upitao;
hawakusema ufanyeje
kama mbachao wenyewe ni wa wizi.

Picha inayumba. Aliyeirekodi alijificha
katika ukumbi wa sinema wa mji nisioujua;
kichwa cha mtu kinapita, kinakaa.
Mashuka yakatoka. Mvua ikaanza.
Na pale pale, gizani, katika ule ukumbi wa mbali,
mtu mmoja akakohoa.

Kibwana akanigeukia:
"Baba huyo?"

Nikasema hapana.
Kisha nikasema, hebu rudisha nyuma kidogo.