Wiki ya Mafarao

Kuanzia Noeli mpaka Bonane, kila saa mbili usiku,
televizyo inatuonyesha Misri.
Wametangaza wenyewe, kwa matarumbeta:
usiku saba, makaburi saba.
Baba Akilimali amenunua umeme wa faranga elfu tano,
ameigeuza seti dirishani itazame uani,
maana nyumba ni ya mbao, na sisi tu wengi.
Tunakalia mawe. Hapa Majengo mawe hayakosekani,
volkano ilituletea bila kuagizwa.

Usiku wa kwanza wanahesabu.
Jiwe moja tani mbili na nusu, anasema mwenye sauti nzito,
na mawe ni mamilioni.
Mumbere, msukuma chukudu, anachekea puani:
"Bila magurudumu? Mjinga gani alikubali?"
Kisha anatazama viganja vyake,
na hasemi tena mpaka mwisho.

Usiku wa pili wanamfungua mfalme.
Kitambaa juu ya kitambaa, kama mtoto anayeogopewa baridi,
mikono kifuani, kucha bado zipo.
Safi anaficha uso kwenye kitenge changu,
akachungulia kwenye tundu lililochomwa na pasi.
Koko Kasoki hakucheka, hakuogopa.
Aliuliza tu: "Ruhusa waliomba kwa nani?"
Hakuna aliyemjibu. Likaingia tangazo la sabuni.

Usiku wa tatu umeme ulikatika
mfalme akiwa katikati ya mto.
Tukabaki na wekundu wa mlima juu ya mawingu
na mbwa wa jirani.
Ndipo Koko akasema, kama anayeomba chumvi:

"Huo mto naujua.
Kwetu Rutshuru mvua haiji huku Kivu.
Inashika njia ya kaskazini, ziwa kwa ziwa,
mpaka kwao hao.
Padri alituchorea ubaoni, chaki ikamwishia Sudani.
Nilikuwa nafua chini ya daraja,
naliambia povu: ukifika, nisalimie.
Mwaka ule walipomchukua Paluku
wakasema tusimtafute.
Tulikiona kiatu kando ya maji. Kimoja.
Nikasema moyoni, basi, kile kingine kimetangulia."

Umeme ukarudi. Mfalme alikuwa ameshafika,
wanampokea kwa mikate na bia.

Usiku wa nne siujui, nilikuwa nakaanga sambaza.

Usiku wa tano walisema hivi:
mtu hafi akaisha
mradi jina lake linatamkwa na midomo hai.
Ndiyo sababu walichonga kuta, nguzo,
hata chini ya kitanda cha maiti, pasipoonekana na mtu.
Baba Akilimali akapunguza sauti ya seti.
Kwa nini, sikumwuliza.
Labda na yeye aliona midomo ya Koko ikienda.

Wa sita ulikuwa wa paka. Watoto waliupenda kuliko zote.
Wa saba yuniti ziliisha kabla ya mlango kuvunjwa,
kwa hiyo uwani kwetu
kuna mfalme mmoja ambaye bado amelala salama.

Asubuhi ya Bonane, kabla ya kengele za misa,
nilisikia kitu kikigonga, ko, ko, kama kuku anayedonoa bati.
Koko alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta wetu,
msumari mkono huu, jiwe mkono ule.
Ukuta wa lava, mweusi, umejaa matundu,
haushiki herufi, unazimeza.
Chini yake imelala nyumba yetu ya kwanza,
cherehani ya mama, sufuria ya maharage yaliyokuwa yanakaribia kuiva.
Hao wenye brashi laini na kofia za jua
hawajapita mtaa huu.

Alikuwa ameandika P.
Kisha A. Kisha kitu kama mlango ulioachwa wazi.
Nilitaka kumwambia herufi ya tatu ni L.
Nikaona msumari umepinda.
Nikaingia ndani kumtafutia mwingine.